Pampu ya Insulini Inasifiwa kwa Kazi ya Wenzake

Tangu Aprili 2024 huduma ya afya ya umma ya England imekuwa ikiwatafuta wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, wale ambao miili yao imeacha kutengeneza insulini, ili iwape mfumo unaounganisha pampu ya insulini na sensa ya sukari, yaani kifaa kidogo kinachobandikwa mwilini na kusoma sukari mchana na usiku, kwa mpango wa miaka mitano. Huku kwetu habari hiyo haikuingia kupitia jarida la kitabibu. Iliingia kupitia makundi ya WhatsApp ya ukoo: binamu aliyeko Leicester anainua fulana, anaonyesha mrija uliobandikwa tumboni, anasema hajashika bomba la sindano tangu mwezi uliopita. Kabla jua halijazama video imeshafika Tanga, Mombasa na Goma, nayo imeongezewa maneno ambayo yeye hakuyasema: kisukari kimepata dawa. Wazazi wenye watoto wanaojichoma kila siku wameanza kuulizia bei. Nimemsikia mmoja akiuliza kama kiwanja chake cha urithi kinaweza kutosha.

Nawaelewa kabisa. Lakini swali lenyewe limekaa vibaya. Wanauliza wachague pampu au sindano, kana kwamba sindano ni kitu kimoja dunia nzima. Yule wa Leicester, kabla ya pampu, alikuwa akijichoma mara nne au tano kwa siku kwa insulini za aina mbili, akiwa na sensa mkononi, na amefundishwa kuhesabu wanga wa kila sahani anayoila. Mgonjwa wa kliniki nyingi za Afrika Mashariki hujichoma mara mbili, asubuhi na jioni, insulini ya mchanganyiko, na hupima sukari siku ambazo stripu, vile vipande vya kudondoshea tone la damu, zipo. Hawa wawili hawako kwenye tiba moja. Ukimtoa huyu wetu hapo alipo ukampa pampu, atapata nafuu kweli, ila sehemu kubwa ya nafuu hiyo itakuwa imetokana na kuacha mchanganyiko, kupima mara kwa mara na kufundishwa. Hayo yote matatu yanawezekana kwa sindano zilezile. Pampu itapokea pongezi za kazi iliyofanywa na wenzake.

Tuanze na jinsi mwili unavyofanya. Kongosho lenye afya halimwagi insulini mara mbili kwa siku. Linadondosha kidogo kidogo mchana na usiku hata ukiwa umelala njaa, kisha linaongeza kwa kishindo ukila. Tiba nzuri inajaribu kuiga mambo hayo mawili. Kwa sindano, unachoma insulini ya muda mrefu mara moja au mbili kwa siku iwe msingi, halafu ya haraka kabla ya kila mlo. Kwa pampu hakuna insulini ya muda mrefu kabisa. Ndani yake mna ya haraka tu, na mashine ndiyo inayoidondosha. Mtu mzima anayehitaji yuniti 40 kwa siku anaweza kuwekewa 20 za msingi, yaani kama 0.8 kwa saa, zikiingia kwa vipande vidogo kila dakika chache kupitia kanula, kijimrija laini kilichopenya chini ya ngozi. Akikaa mezani anabonyeza kitufe na kuongeza dozi ya chakula. Kiwango cha msingi kinaweza kupunguzwa saa za usiku na kuongezwa alfajiri, wakati sukari ya wengi hupanda yenyewe. Kwa mtu wa pwani aliyeruhusiwa na daktari wake kufunga Ramadhani, kuweza kuushusha msingi mchana na kuupandisha baada ya futari si jambo dogo.

Mchanganyiko wa asubuhi na jioni hauna ulaini huo. Ndani ya kichupa kimoja mna sehemu 30 za insulini inayoanza mapema na sehemu 70 za ile inayochelewa, na ile inayochelewa ina kilele chake saa kadhaa baadaye. Ukichoma saa moja jioni, kilele kinakukuta usingizini, mara nyingi kati ya saa sita na saa tisa usiku. Ukichoma asubuhi, lazima ule mchana, upende usipende, foleni iwepo isiwepo. Mgonjwa analazimika kuilisha insulini yake badala ya insulini kukifuata chakula chake. Sioni haya kusema kwamba mchanganyiko umeokoa maisha ya watu wengi katika nchi zetu, kwa kuwa ni rahisi kufundisha na unahitaji kichupa kimoja tu. Lakini ndio unaowafanya watu waamini kwamba sindano imeshindwa, wakati sindano yenyewe hawajawahi kupewa nafasi ya kufanya kazi inavyotakiwa.

Ushahidi upo na ni wa zamani. Marekani na Kanada ziliendesha utafiti mkubwa kati ya 1983 na 1993 uliohusisha watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza. Waliotunzwa kwa ukaribu walipunguza hatari ya ugonjwa wa macho kwa asilimia 76, wa figo kwa asilimia 50 na wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Takwimu hizo hunukuliwa kila mahali. Kisichonukuliwa sana ni kwamba kundi hilo lililotunzwa kwa ukaribu lilikuwa na watumiaji wa pampu na wachomaji sindano tatu au zaidi kwa siku, pamoja. Kilichookoa macho na figo ni kupima mara nne kwa siku, kurekebisha dozi na kuonana na wahudumu kila mwezi. Wakati huo sensa hazikuwepo, na insulini za kisasa za haraka tunazozitumia leo zilikuwa bado hazijafika sokoni.

Waingereza wenyewe wakaenda mbali zaidi. Katika utafiti wao uliochapishwa 2017 waliwachukua watu wazima, wakawapa wote mafunzo yaleyale ya kurekebisha dozi kufuatana na chakula, kisha nusu wakapewa pampu na nusu wakabaki na sindano. Baada ya miaka miwili pande zote mbili zilikuwa zimepata nafuu, na tofauti kati yao ilikuwa ndogo mno kuweza kusemwa kwa uhakika kuwa imeletwa na pampu. Mwaka huohuo Marekani ilichapisha utafiti wa watu wazima 158 waliokuwa wakijichoma sindano nyingi kwa siku. Waliopewa sensa inayosoma muda wote walishusha kipimo chao cha miezi mitatu, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya kipindi hicho, kwa asilimia 1.0, na wasiopewa kwa 0.4. Hawakubadilishiwa sindano. Waliongezewa macho tu.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili, maana wanaosema pampu ni anasa ya Wazungu wanakosea, na nadhani wanakosea vibaya kuliko wale wa WhatsApp. Pampu iliyopimwa Uingereza katika utafiti ule ilikuwa ya kubonyeza tu, haikuzungumza na sensa. Mfumo unaogawiwa England sasa ni mwingine: sensa inasoma sukari kila dakika chache, programu inapiga hesabu, pampu inapunguza au kuongeza yenyewe hata mwenye nayo akiwa anakoroma. Katika utafiti wa Marekani wa 2019, waliotumia mfumo wa aina hiyo walitoka kwenye asilimia 61 ya muda wao ndani ya kiwango kizuri hadi asilimia 71, huku wenzao wenye pampu na sensa zisizoshirikiana wakibaki palepale. Hayo ni zaidi ya saa mbili za afya kila siku, na nyingi zilipatikana usiku, saa ambazo mama wa mtoto mwenye kisukari huamka mara tatu kugusa shingo ya mwanawe kama ina jasho baridi.

Kwa watoto wadogo, hoja ya anasa inaanguka kwa hesabu tupu. Mtoto mwenye kilo 12 anaweza kuhitaji kama yuniti sita kwa siku nzima. Bomba la mililita moja linaloshika yuniti 100, ambalo ndilo utakalolikuta kwenye maduka mengi ya dawa, mistari yake inahesabu yuniti mbili mbili. Yaani mama anaambiwa avute nusu yuniti kwa kutumia rula isiyo na milimita. Mkono ukitetemeka kidogo, dozi imezidi mara mbili. Pampu inaweza kutoa sehemu ya ishirini ya yuniti bila kutetemeka. Mtoto wa namna hiyo, mjamzito mwenye aina ya kwanza, na mtu mzima ambaye sukari humshuka bila dalili mpaka akaanguka, hao nikiulizwa nitasema pampu si anasa, ni haki inayosubiri fedha. Hata chombo cha kitaifa kinachoshauri tiba zipi zilipiwe England na Wales, kilipopitisha mfumo huu Desemba 2023, hakikusema kila mtu. Kilitaja watoto, wajawazito na wanaopanga ujauzito, na watu wazima ambao wameshindwa kufikia lengo au wanaosumbuliwa na kushuka kwa sukari licha ya kutunzwa vizuri, tena kwa sharti kwamba bei ijadiliwe kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosambaa kwa kasi kuliko zote: kwamba pampu inamaliza sindano. Haimalizi. Kanula hubadilishwa kila siku mbili au tatu, na huingizwa kwa sindano. Muhimu zaidi, kwa kuwa hakuna insulini ya muda mrefu mwilini, mrija ukijikunja au kanula ikichomoka, akiba ni ya saa chache tu. Baada ya hapo ketoni, yaani asidi ambazo mwili hutengeneza ukichoma mafuta kwa kukosa insulini, zinaanza kupanda, na mtu anaweza kuingia kwenye hatari ya damu kuwa na tindikali ndani ya usiku mmoja. Aliyechoma insulini ya muda mrefu jana jioni ana kinga kidogo hata akisahau dozi ya chakula. Mwenye pampu hana. Ndiyo maana kila mwenye pampu hushauriwa kuwa na kalamu ya kuchomea insulini au kichupa na bomba pembeni, na stripu za kupimia, na ajue kuvitumia. Pampu humfaa aliyekwisha kuijua sindano. Asiyeijua sindano huwekwa na pampu mahali pa hatari zaidi.

Kuna hoja nyingine inayosikika kuwa na busara: tusubiri, bei itashuka kama ilivyoshuka ya simu. Sikubaliani nayo. Simu unainunua mara moja, na laini ya kampuni yoyote inaingia. Pampu inafanana zaidi na printa: mashine ndiyo gharama ya kwanza, wino ndio gharama ya milele, na wino wa kampuni moja hauingii kwenye printa ya nyingine. Ukibadilisha seti, yaani kanula na mrija wake, kila siku ya tatu bila hata moja kuharibika, unahitaji seti 122 kwa mwaka, pamoja na hifadhi za insulini, na sensa 26 ikiwa kila moja inadumu wiki mbili. Bei za namna hiyo hazishuki kwa kusubiriwa. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka 2000. Mwaka uliofuata kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuziuza kwa dola 350, baada ya wagonjwa, wanaharakati na serikali kadhaa kusukuma bila kuchoka. Hakuna aliyekaa barazani akingoja.

Niseme kidogo tu ya nyumbani. Mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 14, aliletewa pampu ya mtumba kutoka Uingereza, iliyomaliza waranti yake huko, pamoja na maboksi matatu ya kanula, kumi kila boksi. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni miezi mitatu. Lakini gundi ya plasta haikutengenezwa kwa joto la Tanga. Mara mbili alirudi kutoka mpirani kanula inaning'inia kwenye jezi, na mara moja mashine ya kupimia ilishindwa kusoma namba, ikaandika herufi mbili za kusema sukari imevuka kipimo. Wiki ya saba boksi la mwisho lilikuwa tupu. Hakuna duka mjini lililowahi kuona seti za aina hiyo. Akarudi kwenye mchanganyiko, kichupa ndani ya chungu chenye mchanga mbichi, na kwa kweli alirudi akiwa mnyonge kuliko alivyokuwa kabla ya kuonja.

Chungu hicho nakitetea, maana nimewasikia watu wakisema insulini haiwezi kutunzwa bila friji. Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliifuatilia insulini kwenye mazingira ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, na matokeo waliyochapisha 2021 yalionyesha kwamba insulini iliyohifadhiwa kwa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Kichupa, kwa hiyo, kinastahimili maisha yetu kuliko tulivyodhani. Pampu inavaliwa mwilini, juani, chini ya sare ya shule, na inahitaji betri, plasta inayoshika na mtu wa kumpigia simu inapopiga kengele saa nane usiku.

Na tukiwa tunazungumzia pampu, insulini yenyewe haijawa ya uhakika. Mwaka uleule wa 2024 England ilipoanza kugawa mifumo yake, hospitali za umma za Afrika Kusini zilipungukiwa kalamu za insulini ya zamani, ile iitwayo ya binadamu, baada ya mkataba wa Novo Nordisk kumalizika na kampuni hiyo kutoomba tena zabuni. Watu waliokuwa wamezoea kalamu kwa miaka wakarudishwa kwenye kichupa na bomba, wakiwemo wazee wasioona mistari vizuri. Hiyo ni nchi yenye uwezo wa kununua kuliko sisi wote wa ukanda huu. Waliovumbua insulini waliiuzia Chuo Kikuu cha Toronto hataza yao mwaka 1923 kwa dola moja kila mtu, wakitaka isigeuzwe mali ya wachache. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwenye kiwanda ndiye anayeamua kama bibi wa Soweto atajichoma kwa kalamu au kwa bomba.

Kwa hiyo ningekuwa na fungu la bima mkononi, au hata fungu la ukoo, utaratibu wangu ungekuwa tofauti na wa video. Fedha ya kwanza ingenunua stripu za kutosha kila siku, kwa sababu insulini bila kipimo ni kuendesha gari usiku bila taa. Mara nyingi kliniki inatoa kichupa bure na kumwachia mgonjwa stripu ajinunulie, na hapo ndipo mkono unapokuwa mzito. Fedha ya pili ingetenganisha mchanganyiko kuwa insulini mbili kwa kila mtoto na kijana wa aina ya kwanza; Shirika la Afya Duniani liliziingiza insulini za kisasa za muda mrefu kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2021, hivyo kisingizio kimepungua. Ya tatu ingelipa mafunzo. Mwaka 2022 mawaziri wa afya wa Afrika walikutana Lomé wakapitisha mkakati wa PEN-Plus, unaopeleka huduma ya kisukari cha aina ya kwanza na magonjwa mengine sugu mazito kwenye hospitali za wilaya, mikononi mwa wauguzi waliofundishwa, jambo ambalo Rwanda ilikuwa imeshalionyesha linawezekana. Muuguzi mmoja wa wilaya anayejua kumfundisha mama kuhesabu wanga wa ugali, wali na chapati mbili ana thamani kuliko pampu kumi zisizo na kanula. Baada ya hapo zije sensa, hata kama ni za kuvaliwa wiki mbili kila baada ya miezi mitatu ili daktari aone usiku unakwendaje. Pampu ije ya tano, ianze na wale watoto wa nusu yuniti, na isiingie nchini bila mkataba wa seti zake.

Naye mwenye fedha zake anayetaka kuinunua leo sitamzuia. Nitamwomba tu, kabla hajalipa, amuulize muuzaji seti za mwaka mzima zinatoka wapi na kwa bei gani, nani anajibu simu mashine ikigoma Jumapili, na daktari wake amewahi kuweka pampu ngapi. Nitamwomba pia aishi miezi mitatu kwa sindano nne za siku akiwa na sensa. Baadhi yao wataona hawaihitaji tena. Wengine watagundua wanaihitaji kweli, nao watakuwa wateja wagumu kudanganywa.

Binamu wa Leicester alipouliza alete nini safari iliyofuata, tulimwambia aache pampu, alete sensa. Alikuja na sita. Tukambandika mtoto wa dada yangu moja. Usiku wa kwanza, saa nane, ikasoma 2.9, sukari iliyoshuka mno. Usiku wa pili hivyohivyo, na wa tatu. Kijana alikuwa akishuka usingizini, pengine kwa miaka, na asubuhi akiamka na sukari ya juu, kila mtu akimlaumu kwa kula vitumbua kwa siri. Nesi wa kliniki aliitazama ile mistari kwenye simu kwa muda, akapunguza dozi ya jioni kwa yuniti nne, na mwezi uliofuata akamwombea kwa daktari abadilishiwe: ya muda mrefu usiku, ya haraka kabla ya kula. Ile pampu bado iko kwenye droo ya dada yangu. Betri yake imehamia kwenye rimoti ya televisheni.